Siku Mama Queen Alipomtafuta Queen

Katika kanisa la Wakenya kule Silver Spring, Marekani, Domina Makena hana jina. Ni Mama Queen. Kwaya wanamwita hivyo, mchungaji anamwita hivyo, na kwenye kundi la WhatsApp la akina mama ndivyo alivyoandikwa. Jina lake la ubatizo linatumika kazini tu, kwenye kitambulisho anachovaa shingoni akiwahudumia wazee.

Mwaka huu jina hilo la heshima lilianza kumchoma. Queen, binti yake wa pekee, anayefanya kazi ya kompyuta katika mji wa Falls Church, alikuwa hajazungumza naye kwa miezi minne. Kosa lilikuwa la Domina, na alilijua. Uchumba wa Queen ulipovunjika, mama mtu alisimama katika ushirika wa akina mama akaomba wamkumbuke binti yake katika maombi, kisha akaeleza na sababu. Maombi yalifika mbinguni, sina shaka, ila yalipitia kwa Wakenya wa Landover kwanza. Kufikia Jumapili hata muuza unga wa ugali alikuwa anampa Queen pole. Queen akamwambia mama yake asimpigie simu tena.

Akina mama walipopanga safari ya hifadhi moja ya jangwani huko California, iliyowavutia kwa habari kwamba miti yake imepewa jina la Yoshua wa Biblia, Domina alimwandikisha Queen pia. Akamtumia na fulana ya sare, ya manjano. Jibu lilikuja neno moja: "Tutaona." Siku ya kupanda ndege Queen hakuonekana.

Audrey, mwenyekiti wao, aliipanga siku ya hifadhi kama ratiba ya harusi. Alfajiri ibada na chai ya chupa. Halafu picha kwenye miti ya Yoshua, yenye majani makali kama ya mkonge. Halafu matembezi ya maili moja kati ya majabali, na mwisho wali na kuku. Ilikwenda vizuri mpaka kwenye majabali. Hapo Domina alibaki nyuma, kwa kuwa alitaka kumtumia Queen picha ya mti na simu haikuwa na mtandao. Akapanda jiwe moja, hakuna. Akapanda la pili, hakuna. Aliposhuka upande wa pili, njia aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha.

Yaliyotokea garini alisimuliwa baadaye. Walijihesabu mara tatu, wakamtuma Zola kwa askari wa hifadhi. Zola ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na Kiingereza chake hakimfanyi mtu aulize mara mbili. Askari akataka jina la aliyepotea. Zola akawageukia wenzake, nao wakatazamana. Miaka kumi na mmoja wanakula pamoja, wanazikana pamoja, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua Mama Queen anaitwa nani. Orodha ya Audrey ilisema Mama Queen, basi. Zola akaona haya, akajibu kwamba anaitwa Queen na amevaa fulana ya manjano.

Domina alikuwa amekaa kivulini akinywa maji, akijua watamrudia tu, alipotokea askari wa kike mwenye redio. Akamuuliza kama yeye ndiye Queen.

"Hapana," Domina alisema. "Queen ni binti yangu."

Askari akaitazama fulana yake, akamchukulia kuwa mmoja wa wanaotafuta. Akamweleza kwa upole kwamba Queen amepotea humu majabalini, naye amevaa fulana kama hiyo.

Domina alisikia mambo mawili kwa mpigo: mwanawe amekuja, na mwanawe amepotea. Hakuuliza amefikaje. Queen alisema tutaona; basi ndiyo hii. Askari alimsihi arudi garini, lakini maneno hayo hayakumwingia. Walitafuta pamoja karibu saa nzima, Domina na goti lake bovu, akichungulia kila ufa, akiita mpaka sauti ikakauka. Maji hakuyagusa tena, alikuwa anamwekea mtoto. Alijaribu kupanga maneno atakayomwambia akimpata, akaona neno ni moja tu, nisamehe, na kwa miezi minne alikuwa ameshindwa kulisema.

Kumbe kwenye kituo cha askari walikuwa wamepiga namba ya dharura iliyokuwa kwenye orodha ya Audrey, na aliyepokea ni Queen mwenyewe. Redio ikaita. Askari akasikiliza, akamtazama Domina, akasikiliza tena. Anayetafutwa ni Domina Makena, miaka hamsini na saba, goti la kushoto linamsumbua. Binti yake anasema asitafutwe njiani. Atakuwa amepanda mahali kutafuta mtandao.

Askari akamuuliza jina lake. Domina akalitaja, kisha akakaa juu ya jiwe akalia. Hakulia kwa sababu amepatikana. Alilia kwa sababu Queen hakuja.

Kituoni akina mama walimpokea kwa vigelegele, Audrey akimgombeza na kumkumbatia kwa pamoja. Simu ilikuwa mezani, Queen bado yuko upande wa pili.

"Mum, wameniambia ulikuwa unanitafuta mimi."

"Walisema umepotea."

Wanawake kumi na wawili walikuwa wamemzunguka Domina, na wote waliacha hata kupumua wapate kusikia.

"Nisamehe, mwanangu," Domina alisema. "Yalikuwa mambo yako. Hayakuwa yangu kuyasema."

Upande wa pili mtu alivuta kamasi. "Nitaku-pick airport ya Dulles Jumapili," Queen alisema. "Tukule pamoja, tuongee. But hiyo usiwaambie."

"Sawa."

Alipoweka simu chini, Audrey alikuwa ameshainua mikono. Kabla ya chakula, alisema, wamshukuru Mungu, lakini wajue kwanza wanashukuru kwa lipi. Binti amesema nini?

"Anawasalimu," Domina akajibu, akaenda kutafuta sahani.