Tulikata jakaranda ya stage, mama mkwe wangu akahamia juani

Wakuu, habarini za leo. Hii si hekaya. Ningekuwa natunga, ningejipatia sehemu nzuri kuliko hii.

Mimi ni mtu wa Kitale, kwa baridi. Nilioa msichana wa Chwele, nikahamia Bungoma town, nikawa mwendesha boda.

Stage yetu ilikuwa chini ya jakaranda kubwa. Upande huu sisi na pikipiki. Upande ule mwingine wa shina, mama mkwe wangu akiuza njugu.

Kwa wasiojua mila zetu: mama mkwe humgusi, na hamkai mkiangaliana. Sasa lile shina lilitusitiri. Akinisikia nikikohoa, jioni anampigia bibi yangu simu, "Huyo mtu wako anywe dawa."

Shida ilikuwa ndege. Walitunyea viti, wateja wakakataa kupanda. Tukaita mkutano, nikasema, "Si tukate tu huu mti, bana?"

Power saw nilienda kukodi mwenyewe.

Mama aliwauliza wenzangu, "Na jua likiwaka mtaenda wapi?" Nilicheka. Kwetu Kitale jua tunalitafuta.

Mti ukaanguka, tukabaki tunaonana waziwazi. Sisi tukaweka mwavuli mkubwa. Wenzangu wakamwita aje akae nasi. "Nikae aje mbele ya mkwe wangu?" Akahamisha sinia yake ng'ambo ya barabara, kando ya ukuta wa mabati. Huko hakuna kivuli hata cha kuku.

Ningehama mimi. Sikuhama. Nilijiambia ni heshima zake.

Januari hiyo jua lilichoma, wacha tu. Saa nane mchana nikaona sinia imepinduka, njugu zimemwagika, mama yuko chini.

Nilikimbia. Nikabakisha hatua mbili, nikasimama.

Wakuu, mkono ulikataa. Alikuwa anaongea maneno hayashikani, na mimi nimesimama pale napiga kelele, "Kujeni mumbebe!" Wenzangu wote walikuwa wamebeba wateja. Nilingoja mpaka mmoja wao, Wafula, akarudi.

"Unaangalia nini? Huyu si mama yako?" Wafula alinifokea. Ndipo tukambeba.

Daktari aliuliza amekaa juani muda gani. Akasema ni joto, na kwamba tungemtoa pale mapema, tukammwagia maji, hangefika hali hiyo.

Siku ya tatu alituacha.

Bibi yangu hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anitukane.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akianguka juani, mshike, mpeleke kivulini, mmwagie maji. Mila itangoja. Na kama stage yenu iko na mti, vumilieni mavi ya ndege. Panguseni kiti, maisha iendelee.

Nimepanda mche penye lile shina. Saa hii unanifika magotini. Kila asubuhi naumwagia maji nikiwa upande wangu, na ule upande wake nimekataza mtu yeyote asipaki.

Wakwe wenzangu, nyinyi mngefanya aje? Semeni, hata kama ni matusi nitasoma.