Baba Anasubiri Stenti Yangu

Kazi yangu ni kuvunja vitu ambavyo bado havipo. Naiga kwenye kompyuta stenti za polima: vijibomba vya wavu, vyembamba kuliko mrija wa soda, vya kutanua mshipa wa moyo ulioziba. Zinazotumika hospitalini nyingi ni za chuma, na chuma kikishaingia hakitoki. Zangu ni za plastiki inayoyeyuka taratibu mwilini, mshipa ukishapona. Zingekuwa nzuri sana kama zisingepasuka. Kila nikizitanua kwenye skrini, zinapasuka kwenye kona zilezile.

Haya nilimweleza baba, mfugaji wa Butiama, kabla kifua hakijaanza kumbana. Alifurahi mno. Akasema hata mgomba wenye mkungu mzito hutegemezwa kwa mti, na mkungu ukishakatwa mti unaondolewa.

Mwaka huu kifua kikambana kweli. Madaktari wa Musoma wakasema mshipa mmoja karibu unaziba, aende Mwanza akawekewe stenti, tena asichelewe. Kaka yangu akatuendesha. Bunda tukasimama kunywa chai, na hapo ndipo safari ilipokufa.

"Hicho wanachoenda kuniwekea, ndicho cha kwako?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Ni cha chuma."

"Cha kwako kiko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Bado hakijawa kitu."

Akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwaga naambia watu, mwanangu anatengeneza dawa ya moyo. Leo niwekewe ya mtu baki, tena ya kuzikwa nayo?"

Nilipandwa na hasira. Nikatoa kompyuta, nikaifungua katikati ya sahani za chapati. Nikamwonyesha ya chuma: ikatanuka, ikakaa imara. Kisha yangu: ikatanuka, rangi nyekundu ikatambaa kwenye kona, ikapasuka. Nilitaka aogope. Sijawahi kuiponda kazi yangu kwa bidii namna ile.

Akaigusa ile kona nyekundu kwa kidole. "Si umeona inapopasukia? Ndama akizaliwa miguu haina nguvu, tunamchinjaga? Rekebisha, mama. Nasubiri."

"Itachukua miaka, baba."

"Kwani mimi naenda wapi?"

Kaka akambembeleza mpaka akachoka. Mimi nililia mbele ya mama ntilie bila aibu. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wanavyosema, na siku hiyo niliwachukia wote wanaosema hivyo. Ningemfunga kamba nimpakie garini kama mbuzi, lakini ni baba yangu. Tukageuza gari.

Butiama, jirani akatukuta tunashuka, akauliza mbona tumerudi mapema. Baba alikuwa ameshikilia mlango wa gari, akitafuta pumzi.

"Ya kwangu inatengenezwa," akamwambia, akaninyooshea kidole.

Jirani akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipongeza.