Dereva wa Boti Anayetupanga Kama Mizigo

Jirani yetu mwenye boti, hapa ziwani Minnesota, haulizi mtu uzito wake. Anakutazama tu, kisha anakuonyesha pa kukaa. "Wewe uliyemaliza soseji, nyuma kushoto." Hujaza maji kwenye mifuko iliyo chini ya viti, kiganja sakafuni asikilize pampu, na boti ikianza kuinama upande hucheka peke yake, maana uzito uliopangwa vizuri ndio unaoinua wimbi nyuma ya boti. Jumamosi ile mama mkwe wake, Marlys, aliingia majini na ubao wa kutelezea juu ya wimbi hilo, ameshika kamba ya boti, kwa mara ya kwanza tangu awekewe goti la bandia. Wimbi la nyuma ya boti likaja limelegea. Jirani akapunguza mwendo. Likanenepa, lakini likavunjika likawa povu. "Shemeji, jongea nyuma," akamwambia ndugu wa mkewe. " Njoo na kreti ya bia." Akaongeza mwendo kwa ncha ya kidole, wimbi likasimama, refu na laini. Marlys akaachia kamba, akaendelea kuteleza bila kuvutwa. Tukainuka kushangilia. "Kaeni!" jirani akafoka, macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma, machozi yakimtiririka. "Atakayeniharibia wimbi la mama atarudi nyumbani kwa kuogelea!"