Mama Beseni Akikaribia Shimo

Nilitengeneza mwanamke asiye na nguvu hata moja.

Hana bunduki, hana mbio, hana dawa ya kuponya wenzake. Nilimpa beseni na kikwembe, basi.

Akashinda kila mchezo. Wanaume wazima wakaanza kumgombania.

Mkubwa wangu akasema nimeficha kitu ndani ya programu. Nikamwambia atafute. Akatafuta mpaka macho yakawa mekundu, hakukuta kitu.

Sasa kaa nikueleze yote, maana nimechoka kuisimulia kwa vipande vipande.

Naitwa Elise. Wakati ule nilikuwa nachora watu wa mchezo wa simu, na kuwaandikia programu, hapa Kolwezi, kwenye chumba tulichopanga nyuma ya duka la vipuri. Mkubwa wetu alikuwa Gradi, kijana mwenye miwani mikubwa na hasira ndogo ndogo.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Timu mbili za watu watano watano, kila timu na shimo lake la shaba. Itakayofikisha magunia dépôt, kwa wanunuzi, kabla ya wenzake imeshinda. Kila mchezaji anachagua mtu wake: mwenye nyundo, mwenye kamba, mwenye pikipiki, na wengine.

Gradi akataka mtu mpya.

"Elise, nipe mutu mupya, batu bamuchague benyewe. Bakimukataa, na weye utapumuzika kwa nyumba."

Kupumzika, kwa lugha ya Gradi, ni kufukuzwa.

Lakini mimi nilikuwa na mtu wangu tayari. Mama yangu.

Mama Mushiya amefukuzwa sana katika maisha haya, mpaka namtania kwamba anastahili pensheni ya kufukuzwa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, akiwa msichana. Yeye na watu wa asili ya Kasai walipakiwa kwenye treni "warudi" Kasai, nchi ambayo hakuwahi kuiona, kwa sababu ya jina la babu yake tu. Akarudi Kolwezi juu ya lori za watu, akiwa amekonda kama ufagio.

Mara ya pili ni askari. Waliwaondoa wachimbaji wote kwenye carrière, yaani machimbo, ya upande wa Mutoshi, ambako Mama alikuwa anaosha mawe ya shaba kwenye maji.

Mara ya tatu ni majirani. Hiyo ndiyo iliyouma.

Wiki ile ile, kabla askari hawajaja, shimo moja pale liliporomoka. Kijana mmoja, Mbuyu, akafia ndani. Na kwetu kila mchimbaji anaamini hivi: mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Akisogea, shaba inakimbia na udongo unakasirika.

Watu wakaokota kipande cha kikwembe cha Mama karibu na mdomo wa lile shimo. Kesi ikaisha hapo hapo.

Tangu hapo akawa anapanga sombe, majani yake ya muhogo ya kuuza, mbele ya nyumba, ikanyauka. Watu walivuka barabara wasimsalimie. Naye hakujitetea. Hata neno moja.

Ndiyo maana nikamchora. Nilitaka wanaume wale wale wamshike mkononi, wamtegemee, jina lake litoke matopeni. Nikamwita Mama Beseni.

Tukapeleka mchezo kujaribiwa kwenye salle, ukumbi wa michezo, ya Tata Kisimba. Wachezaji walikuwa creuseurs, wachimbaji wale wale waliofukuzwa. Hawakuwa na shimo la kweli tena, basi wakawa wanachimba la kwenye simu. Usicheke. Mimi nilicheka, halafu nikaacha.

"Huyu mama ni wa kazi gani?" mmoja akauliza.

"Anachimba kama bengine."

"Mwanamuke mu shimo? Elise, unataka kutuua hata mu téléphone?"

Salle nzima ikacheka. Hakuna aliyemchagua. Nikaanza kuona kitanda changu na mapumziko ya Gradi.

Hapo akaingia Tata Nkongolo, amechelewa. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa lile shimo lililoporomoka. Mbuyu alikuwa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja.

Watu wote wa mchezo walikuwa wamechukuliwa. Alibaki Mama Beseni.

"Tata Nkongolo, huyu njo bibi yako ya leo!" wakamtania.

"Mupeleke kule ku maji," timu yake ikaamuru. "Asikaribie shimo yetu!"

Nkongolo akanuna. Akaanza kumtembeza tu huku na huku kama mtu anayetafuta mbuzi. Akajikuta amefika kwenye mdomo wa shimo la wapinzani.

Kelele!

"Tosha huyu mwanamuke hapo, mutoe!"

"Lakini ni jeu tu, muchezo," nikasema.

"Jeu gani? Shaba itakimbia!"

Wapinzani wakapanda juu, wote watano. Wakakataa kushuka. Timu ya Nkongolo ikachimba polepole kama watu wanaolima bustani, ikashinda.

Salle ikahesabu magunia upya.

Halafu kila mtu akamtaka Mama Beseni. Mpaka jioni wawili walikuwa wameshikana mashati kwa ajili yake.

Gradi alipoelewa, akaruka kwenye kiti.

"Basi tuiandike mu programu! Mama Beseni akikaribia shimo, shaba inakimbia. Njo nguvu yake. Elise, umepata. Kazi yako iko!"

Nilipaswa kufurahi.

Uongo ule ule uliomla mama yangu ungeingia kwenye simu za nchi nzima. Na mimi, binti yake, ndiye ningeuandika.

Nikafika nyumbani, nikamweleza Mama. Alisikiliza huku anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Kesho kisha misa utanipeleka kwa ile salle."

"Mama, hujue hata kushika téléphone."

"Utanifundisha mu njia. Si weye ulimuchora?"

Jumapili Mama akaingia. Wengine walimtazama, wengine walitazama viatu vyao. Akajikalisha kwenye benchi, akaomba simu, akaomba Mama Beseni. Nkongolo alikuwa timu ya pili.

Akamtembeza taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akafika kwenye shimo la kina Nkongolo. Wakapanda juu wote.

Mama akashuka.

Akachimba. Beseni likajaa. Akapanda nalo, akashuka tena.

"Iko wapi shaba ile inakimbia?" akauliza.

"Ile ya mu jeu ni ya uongo, Mama," Nkongolo akasema, sauti chini. "Ya kweli tuliiona. Ndugu yangu alikufa."

Mama akaweka simu mapajani.

"Mi nilikuwa nashuka."

Wote wakanigeukia, kana kwamba nilijua. Sikujua.

"Ile saison yote, kila siku. Asubuhi na mapema, mbele yenu kufika. Nilichimba, nikatia mu magunia yenu, nikapata fungu yangu kwa mukono ya Mbuyu. Njo yeye alikuwa ananishikia kamba."

"Basi njo maana shimo ilianguka!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Siku ilianguka nilikuwa na malaria, nimelala kwa nyumba. Ile siku moja tu njo sikushuka." Akawatazama mmoja mmoja. "Sasa mufanye hesabu yenu."

Nkongolo alikuwa amekunja uso. "Mbuyu alinificha mi?"

"Alikuwa anakuogopa kupita shimo."

Mtu mmoja akataka kucheka, akameza.

"Juu ya nini haukusema, Mama?" nikauliza.

"Ningesema nini? Wangesema Mbuyu ameleta kifo yake mwenyewe. Mutu amekwisha kufa, tena bamutukane? Nikaona nibebe mi. Lakini sasa munataka kuiandika mu téléphone ya batoto. Ile sibebe."

Nikikwambia walilia na kuomba msamaha, nitakudanganya. Walitoka mmoja mmoja kama watu waliosikia mvua inakuja. Mlangoni nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake:

"Labda shimo ilikuwa imemuzoea. Njo ikakasirika siku hakukuja."

Hapo nikachoka kabisa, nikakaa chini.

Jumatatu nikamwambia Gradi siandiki. Akitaka, atafute mwingine, na mimi nipumzike. Akanitazama, akatazama taa isiyowaka tangu umeme ukatike asubuhi, akasema, "Nitamupata wapi mwingine? Acha vile." Mama Beseni akatoka na beseni lake tu.

Wachezaji wa Kinshasa wakatuandikia kwa hasira: huyu mama ni dhaifu kuliko wote, mwondoeni. Kolwezi wakaandika: huyu mama ana nguvu mno, mpunguzeni.

"Elise," Gradi akasema, ameshika kichwa, "nitengeneze nini hapa?"

"Si yeye."

Basi. Majirani wengine wanamsalimia Mama sasa, wakiwa mbali. Wengine bado wanavuka barabara.

Lakini juzi nilipita kwa Tata Kisimba. Nkongolo alikuwa anacheza. Mama Beseni wa wapinzani akasogea kwenye shimo lao, timu ya Nkongolo ikapanda juu mbio mbio, wakimpigia kelele: "Panda, Tata! Panda!"

Hakupanda.

Alibaki chini, anachimba kando ya Mama Beseni. Wenzake wakakataa kushuka, wakashindwa vibaya, wakamtukana mpaka ukoo. Yeye akasema tu, "Tuanze ingine." Na kwenye mchezo uliofuata akafanya vile vile.

Kama unataka funzo, langu ndilo hili. Ukitaka kusafisha jina la mtu, usifikiri ukweli utafanya kazi yote peke yake. Sisi tulikuwa nao, hata na ile malaria ya Mama. Utahitaji na mtu atakayebaki shimoni wenzake wakipanda.

Mimi nilimpata mmoja. Sina nguvu ya kutafuta wa pili wiki hii.