Yai la Kwenda Mirihi

Asubuhi moja nilitia nguo zangu kwenye begi, nikatoka chumba changu cha mtaa wa Raila bila kujua naenda wapi. Mimi huwa hivyo. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijawahi kuacha.

Miguu ilinifikisha Kawangware. Pale niliona kikopo kikishuka kutoka ghorofa ya shule, kikining'inia chini ya kitambaa cha mwavuli mkuukuu. Nikasimama langoni.

"Wewe ni mzazi?" mwalimu mmoja akaniuliza.

"Hapana, madam. Napita tu. Hiyo ni nini?"

Akacheka, akaniita ndani. Wanafunzi wake walikuwa wakiunda vyombo vya kutua kwenye sayari ya Mirihi, na abiria alikuwa yai. Kundi ambalo mayai yake yote yangevunjika halingeonyesha kazi yake kwa wazazi mchana huo. Kundi moja la wasichana lilibakiza yai moja tu, na kiongozi wao alikuwa amemwomba mamake afunge kibanda cha mboga aje amwone.

Nikawainamia kama fundi mkuu. "Ongezeni sponji."

"Itakuwa nzito, anko. Itaanguka mbio," kiongozi akasema. Akashika makasi, akatoboa kitambaa katikati.

"Unatoboa parachuti?"

"Hewa ilikuwa inatokea kando, inaiyumbisha. Sasa itapitia hapa."

"Leteni sufuria tukaange!" mvulana wa kundi jingine akapaza sauti.

"Kwani yenu ilitua, ama iligonga Mirihi?" akajibiwa.

Walijaribu kwanza na jiwe. Mwalimu hakuwaonyesha kitu, aliuliza tu, "Mmebadilisha nini? Mmeona nini?" Jiwe likashuka wima. Ndipo wakaweka yai.

Kikopo kilishuka taratibu, kikakaa. Kiongozi wa wasichana akakifungua, akainua yai lisilo na ufa hata mmoja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na sina mtoto pale.

Mchana nilimsikia akimweleza mamake kazi ya lile tundu. Mama hakuondoa macho kwake. Nami nilijivuna kama jamaa yao.

"Wiki ijayo tunaunda gari la kupita kwenye mawe," mwalimu akaniambia. "Utakuja kutusaidia?"

Jioni nilitafuta chumba karibu na shule. Shosho mmoja, bibi kizee mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, akaniuliza kazi yangu.

"Nasaidia hapo shuleni. Tunapeleka mayai Mirihi."

Akanitazama juu mpaka chini. "Na yanafika?"

"La leo limefika zima, shosho."

"Haya, ingia uone chumba."