Tuzo Tatu za Mchezo wa Mbuke

Mbuke binti Mihayo alikuwa mpishi wa kambi ya makapera katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, na mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya kambi hiyohiyo. Natangulia kusema hivyo ili ijulikane kwamba haya sikusimuliwa. Mengi niliyaona, na mengine niliyatenda mwenyewe.

Kwao kulikuwa Solwa, Shinyanga. Alifika mgodini mwaka 1946 akimfuata mumewe Mabula, mchimbaji wa shimoni. Mabula alikohoa miaka mitatu, wa nne akafa. Mbuke akabaki na binti mmoja, Melania, na kazi ya kusonga ugali wa wanaume wasiopungua mia. Kurudi ukweni hakukuwezekana. Miaka ile serikali ilikuwa imetoa amri ya kupunguza mifugo Usukumani. Maboma yakahesabiwa, na ng'ombe wakapelekwa mnadani mwenyewe apende asipende. Baba mkwe wake, aliyekuwa na zizi la kutegemewa, alibaki na ng'ombe wawili, na mwaka uliofuata na yeye akazikwa.

Kazini Mbuke alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini wanawake walipokaa kumenya mihogo nyuma ya jiko, alikuwa na jambo moja ambalo wengine hawakuwa nalo: aliweza kuwa mtu mwingine. Aliinuka, akatoa tumbo mbele, na ukamwona nyapara wa zamu ya asubuhi. Aliketi, akavuta pumzi puani, na ukamwona mke wa karani. Aliyependwa zaidi alikuwa mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji aliye chini ya mtemi. Mbuke alibana ungo kwapani kama daftari, akalamba kidole, akafungua kurasa zisizokuwapo, akaanza kuhesabu ng'ombe wa watu. Wanawake walicheka mpaka visu vikawaanguka. Halafu kicheko kilikatika chenyewe, wakarudi kumenya mihogo bila kutazamana.

Siku moja mwaka 1952 Mwalimu Theonest alimwona akiiga. Huyu alitoka upande wa Bukoba, kijana mwenye shati safi kila siku, aliyewafundisha wafanyakazi kusoma na kuandika ukumbini baada ya kazi. Alisimama mlangoni mwa jiko mpaka Mbuke alipomaliza, akamwambia kwamba kule kuiga kwake kungeweza kuwa mchezo kamili wa jukwaani, wenye mwanzo na mwisho. Mbuke alimjibu kwamba mwanzo na mwisho anao tayari, ila hana Kiswahili cha kutosha.

Ndivyo ulivyozaliwa mchezo ulioitwa *Hesabu ya Mwanangwa*. Kila Jumapili baada ya misa walikaa barazani kwa mwalimu. Mbuke alisema kwa Kisukuma, mwalimu akageuza kwa Kiswahili na kuandika kwenye daftari, kisha Mbuke akamwambia asome tena. Hakujua herufi hata moja, lakini neno likipotea mahali alilijua. Mimi nilikuwapo kwa sababu nilichaguliwa kuwa mwanangwa. Mbuke mwenyewe alikuwa mjane Limi, mwenye ng'ombe wawili.

Kisa chake kilikuwa chepesi. Mwanangwa anafika kwa mjane jioni, jua likiwa chini na vivuli vimekuwa virefu. Anahesabu ng'ombe wawili na vivuli viwili, anaandika wanne. Mjane anakataa. Mwanangwa anasema daftari halisemi uongo. Hapo mjane anamtazama kwa upole na kumwambia: "Basi chukua wale wa kivuli, Mwanangwa. Mimi niachie wenye nyama."

Mwalimu alitaka mjane apige magoti mwishoni, alie, aombe huruma. Alisema watazamaji hupenda machozi. Mbuke alikataa kabisa.

"Mwenye ng'ombe wawili halii mbele ya mtu, Mwalimu," alisema. "Analia mtu akishaondoka."

Ikabaki kama alivyosema.

Mwaka 1953 ilikuwapo Kamati ya Maonyesho ya Wafanyakazi, iliyoundwa na Wazungu kadhaa pamoja na makarani wakubwa. Ilizunguka kuona vikundi vya migodini, vya vinu vya pamba na vya reli, ikatangaza majina yaliyopendekezwa kwa tuzo, kisha washindi wakajulikana Shinyanga. Walipokuja kwetu mwezi wa sita, Wazungu walicheka sana. Waliona kichekesho cha mwanangwa mlafi tu, na amri yenyewe hawakuiona ndani yake. Waliokaa mabenchi ya nyuma waliiona. Mjane aliposema maneno yake ya kivuli, kule nyuma hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alipiga makofi peke yake, wakamfuata wote.

Baada ya wiki tatu karatasi ya mapendekezo ilibandikwa mlangoni mwa ukumbi. Mchezo wetu ulitajwa mara nne: mchezo bora, mtungaji bora, mwigizaji bora wa kiume, mwigizaji bora wa kike. Mbuke alikuja na aproni yake ya jikoni, akasimama kando yangu.

"Nisomee, dresa."

Nilimsomea, kidole kikifuata mistari. Mchezo bora, upo. Mwigizaji wa kiume, nipo mimi. Mwigizaji wa kike, yupo Mbuke binti Mihayo. Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza nani ameandikwa kuwa mtungaji.

Pale palikuwa pameandikwa Theonest, jina lake na la baba yake, kwa herufi za mashine. Nilikuwa na muda wa kusema ukweli. Niliona mwalimu amesimama hatua chache nyuma yetu akitazama ardhi, na nilimheshimu, na yeye ndiye aliyekuwa ameahidi kunisaidia kupata nafasi ya masomo ya uganga. Nikamwambia Mbuke kwamba hilo bado hawajaliandika. Alisema, "Haya," akarudi jikoni.

Mwezi wa nane tulipanda lori la kampuni kwenda Shinyanga. Mbuke alishona gauni jipya la kaniki lenye ukosi mweupe, akamwacha Melania kwa jirani. Njiani aliimba pamoja na wengine. Tulipopita Kahama alituonyesha upande wa Nyahanga, anakoishi dada yake Generosa, akasema akirudi na zawadi atamkatia dada kipande.

Siku ya tuzo uwanja ulijaa. Kulikuwa na bendi ya askari, na meza yenye kitambaa cha kijani ambapo vikombe vilipangwa. Tulitajwa mara ya kwanza: mchezo bora. Mwalimu alikwenda kupokea kombe. Tulitajwa mara ya pili: mwigizaji bora wa kiume. Nilikwenda, nikafungwa saa ya mkononi na mke wa Mzungu mmoja, na watu wakashangilia. Mara ya tatu wakamwita mtungaji bora, na mwalimu akapanda tena. Mwenyekiti wa kamati alimsifu kwa kuyajua maisha ya mwananchi wa kawaida, akamkabidhi cheti kilichotiwa fremu ya kioo. Mwalimu alishukuru kwa Kiingereza.

Mbuke alikaa kiti cha pili kutoka mwisho. Alikuwa amefuata kila neno la Kiswahili, na neno *mtungaji* alilijua vizuri, kwa maana yeye ndiye aliyeuliza.

Ikabaki tuzo ya mwigizaji wa kike. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa kuwa waliopendekezwa walikuwa wawili tu, kamati imeona haifai kushindanisha, na tuzo hiyo itasubiri mwaka ambao wanawake watajitokeza kwa wingi. Waliopendekezwa wapewe zawadi ya kushiriki. Mbuke akaitwa, akapewa mche wa sabuni na ratili mbili za sukari, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akarudi kukaa.

Kwenye lori kombe lilipita mkono kwa mkono. Lilipomfikia Mbuke alilipokea, akampa aliyefuata bila kulitazama. Baadaye akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, kwenye ile karatasi ya kioo, jina langu lipo?"

Mwalimu alisema cheti hutolewa kwa aliyeandika, kwamba ndiyo desturi ya mashindano, na kwamba heshima ni ya kikundi kizima. Alieleza kwa urefu. Mbuke alisikiliza mpaka akamaliza. Kisha akanigeukia mimi, sauti yake ikiwa ya chini, wengine wasisikie.

"Siku ile uliponisomea, kidole chako kiliruka mstari. Nilikiona."

Tulipofika Kahama aliomba lori lisimame, akampelekea dada yake sukari yote na sabuni yote, akarudi mikono mitupu.

Sasa mchezo ulikuwa na jina. Tulialikwa huku na huku, na kila mahali Mwalimu Theonest alitangulizwa kama mtungaji aliyetuzwa Shinyanga. Mbuke aliendelea kuwa mjane Limi. Niliwahi kumwuliza kwa nini haachi. Alinijibu kwamba maneno ni ya kwake, akiyaacha yatasemwa na mtu asiyejua yanauma wapi.

Lakini maneno hayakai jukwaani. Mwanzoni mwa 1954, katika vijiji kadhaa, wahesabuji wa ng'ombe walipofika walikuta mazizi matupu, mifugo imekimbizwa porini, na watu wamesimama mbele ya maboma wakionyesha vivuli vyao wenyewe. Chukueni wale wa kivuli, waliwaambia wahesabuji. Mahali pamoja mwanangwa alitupiwa daftari lake kwenye kinyesi. Wanangwa wakaenda kwa mtemi kulalamika, mtemi akampelekea habari bwana wa serikali, na mwezi wa tatu tukaitwa mbele ya baraza la mtemi, kikundi kizima.

Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo. Mtemi alikaa katikati, Mzungu kando yake, karani akiandika. Waliuliza swali moja tu: maneno haya ya kivuli ni ya nani?

Walianza na Mwalimu Theonest. Nilifikiri atajibu kama alivyojibu uwanjani Shinyanga. Alisimama na shati lake safi, akasema kwa adabu kubwa kwamba yeye ni mwandishi tu, kazi yake ilikuwa kunakili, na kwamba kila neno la mchezo lilitoka kinywani mwa mpishi, Mbuke binti Mihayo. Alisema anasikitika kwamba hakuona mapema ubaya uliokuwa ndani yake.

Wakaniuliza mimi. Nilikuwa nimevaa saa yangu. Nikasema ni kweli, ni maneno ya Mbuke.

Ilikuwa kweli. Miezi saba kabla yake, ukweli huohuo ungempandisha jukwaani. Siku ile ulimpeleka kifungoni, nami niliusema bila kusita, kwa sababu mara hii kuusema ndiko kulikoniokoa.

Mbuke akaitwa mbele. Karani alimsomea maneno, akamwuliza kama anayakubali au anayakana.

"Ni yangu," alisema. "Tangu mwaka jana nangoja mtu aniulize."

Mtemi alimwambia asilete mzaha. Mbuke akasema haleti mzaha, anaomba tu karani aandike jina lake sawasawa. Karani akatazama kushoto na kulia, kisha akaandika.

Alipewa kifungo cha miezi sita kwa uchochezi, na marufuku ya kurudi kambini. Kampuni ikamfuta kazi siku hiyohiyo. Mchezo ukapigwa marufuku, daftari likachukuliwa. Mwalimu alionywa kwa mdomo, akahamishwa, na baada ya miaka miwili nikasikia amekuwa mkaguzi wa madarasa ya watu wazima. Waliofika ofisini kwake wanasema cheti kile kilikuwa ukutani. Mimi nilipata masomo yangu ya uganga.

Melania, akiwa na miaka kumi na mitatu, alichukuliwa na Generosa. Mbuke alipotoka kifungoni alikwenda hukohuko Nyahanga, akalima karanga kwenye shamba la kuazima.

Nilimtembelea mwaka 1957, nikiwa njiani kwenda kuripoti kituo kipya. Niliogopa sana kufika. Nilimkuta uani akipepeta, amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe.

"Shikamoo, Mama Melania."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alinipa kigoda na maji ya kunywa. Aliniuliza habari za kazi, za mke wangu, za watu wa kambini mmojammoja kwa majina. Nilipoanza kusema nililojia, kuhusu ile karatasi ya mlangoni na kuhusu baraza, aliinua mkono kidogo, akaniomba nimsaidie kuingiza magunia ndani kwa kuwa mvua inakuja. Niliingiza magunia manne. Nilipotoka alikuwa amekwisha kunitengea ugali na mlenda, na wakati wa kula alizungumza habari za bei ya mbegu. Hakunilaumu, wala hakunisamehe. Mpaka leo sijui kipi kati ya hivyo viwili nilikistahili zaidi.

Melania alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa msichana mkubwa sasa. Nikamwuliza kama mama yake bado huwaiga watu na kuwachekesha.

"Mama?" alisema, akanitazama kama niliyekosea nyumba. "Sijamwona akiiga mtu tangu atoke kule. Majirani wa hapa wanamjua kwa karanga tu."

Mbuke alifariki wakati wa masika ya 1959. Barua ya Generosa ilinifikia baada ya maziko. Iliandikwa na mtu wa kuombwa, kwa mistari sita, ikisema marehemu aliugua homa siku nne, na kwamba watu waliomzika hawakuwa wengi kwa sababu njia zilikuwa zimejaa maji.