Meno ya Rehani

"Mwaka wa tisa huu nakula kama mtoto wa miezi sita, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza, mama, hiyo nyama inatafunika? Leo nataka kuiweka rehani nyumba yangu, ndiyo mmepata midomo."

Dada yangu aliyasema hayo amesimama na pasi mkononi, maana hajui kugombana akiwa amekaa. Mbele yake alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye mimi humwita Mrithi. Jina nilimpa mwenyewe alipokuwa na miaka kumi, siku aliyowafokea wenzake wasiuchafue "ukuta wangu". Sasa ana thelathini na nne, anatengeneza simu mjini, analala chumba cha mbele chenye madirisha mawili, na halipi hata maji.

"Mama, nyumba hii imeshalipiwa," akasema. "Haidaiwi na mtu. Unaiwekaje rehani kwa ajili ya meno?"

"Imelipiwa na nani?"

Hilo nitawaambia mimi. Dada yangu amefua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Mashine zilikuwepo, lakini shuka lenye damu haliingii mashineni kabla ya kusuguliwa kwa mkono kwenye maji baridi, na mikono ilikuwa yake. Dawa ya kufulia ikamla kucha. Mshahara ukitoka, alikwenda kwanza kwa muuza matofali, dukani baadaye. Mume alipoondoka, kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, na bwana huyo alibeba hadi ngazi ya fundi. Dada akaazima ngazi nyingine, ujenzi ukaendelea.

Meno ya juu yakaanza kumtoka moja moja, hadi yakaisha. Akazoea kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye shughuli za watu akawa anasema ameshiba. Fundi wa meno akamtajia bei ya seti nzuri, isiyocheza mdomoni, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshaingia kwenye paa. Ndipo akaitoa hati ya nyumba sandukuni.

Nilimuuliza kama haogopi. Ukishindwa kulipa, benki haina undugu na mtu.

"Naogopa sana," akaniambia. "Lakini mdogo wangu, nikifa na nyumba safi na mdomo mtupu, atakayefaidi ni nani?"

Kesho yake akaipeleka hati benki.

Benki ikamtuma mthamini, yaani mtu wa kuja kuipima nyumba na kusema ina thamani gani. Dada alikuwa jikoni anachemsha chai. Mrithi akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alikuwa amesikia kijiweni kwamba nyumba yenye mpangaji haikopesheki. Akamtangulia mthamini hadi chumba cha mbele, akajisimamisha mlangoni.

"Samahani, mzee. Mimi hapa ni mpangaji. Nalipa kodi kila mwezi, na sihami ng'o."

Mthamini, mtu mwenye haraka zake, akauliza kodi ni kiasi gani. Mrithi, ili uongo wake usimame vizuri, akataja kodi ya vyumba vya karibu na kituo cha mabasi, ambayo ni ya kukata pumzi. Akaambiwa atie saini. Akatia. Mimi nilikuwa sebuleni nachambua mchele, nikajiuma ulimi nisicheke.

Wiki mbili baadaye ofisa mikopo akampigia dada simu. Walikuwa na wasiwasi na pensheni yake ndogo, akasema, ila kwa kuwa nyumba inaingiza kodi ya chumba cha mbele, na mpangaji mwenyewe ametia saini, mkopo umepita. Ataulipa kwa miezi thelathini.

Dada akamwita Mrithi kwa upole. Anayemjua dada yangu huukimbia upole wake.

"Karibu, mpangaji. Kodi yangu ni kila tarehe tano."

"Mama, yale niliyasema tu."

"Uliyasema mbele ya mtu wa benki, ukatia saini. Kama chumba ni ghali, hama. Yupo mwalimu anakitaka, na yeye hata bei hajauliza."

Akaja kwangu analia lia. "Mama mdogo, umeona? Mama mzazi ananitoza kodi."

"Kwani nani alipanga bei?" nikamuuliza.

Alisusa. Alikula nje wiki nzima, akatangaza mtaani kwamba mama yake amepagawa na meno. Dada akavaa meno yake mapya, akapita duka kwa duka akinunua kiberiti kimoja kimoja, akicheka na kila muuzaji bila kuziba mdomo. "Mmesikia nimepagawa," akawa anawaambia. "Njooni mtazame vizuri."

Tarehe tano Mrithi akalipa. Akaendelea kulipa, isipokuwa mwezi wa kumi na moja wa mkopo, alipojinunulia spika kubwa kama kabati akaja mikono mitupu. Mwezi huo nyumba ilikaribia kuandikiwa barua ya onyo na benki. Dada akachukua mashati ya watu wa maofisini, akapiga pasi hadi bega likavimba, marejesho yakafika benki siku yake. Hakumpigia mtu magoti.

Mwezi wa thelathini hati ikarudi. Mrithi akashusha pumzi. "Basi, yameisha."

"Ya benki yameisha. Mwezi wa kumi na moja bado."

"Lakini mama, mkopo si umekwisha?"

"Benki ilinidai mimi. Wewe nakudai mimi."

Akatoka. Nilidhani ndiyo kahama. Ijumaa akarudi, spika kaiuza, akaziweka noti juu ya meza ya kupigia pasi. Dada akazihesabu, akarudia, akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba: Nimepokea kodi ya mwezi wa kumi na moja, chumba cha mbele. Hadaiwi.

Mrithi akaisoma risiti hadi mwisho, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.